Zawadi za mikono kwenye duka la biashara ya haki: uchukue kikapu, kitambaa, kinyago, jiwe au mkufu?

Kabla hujauliza bei ya kikapu, kipindue kwanza. Kitako ndo mahali msusi alipoanzia kazi, na mi naona panasema ukweli kuliko hizo rangi za pembeni. Utaona nyuzi chache zimepishana pale katikati kama nyota ndogo, halafu mzunguko unapanuka raundi kwa raundi, na kama mkono uliosuka ni mzuri zile raundi zimebanana kiasi kwamba ukikiinua kwenye mwanga huoni tundu. Ukikuta kitako kimelegea, au ncha zimekatwa tu na mkasi bila kurudishwa ndani, jua kitaanza kufumuka kuanzia chini, na uliyempa hatakwambia, atakiweka tu juu ya kabati.

Na hapo juu ya kabati ndo sitaki zawadi yangu ifike. Nimekuwa nikinunua zawadi za mikono kwa muda sasa, na kila nikirudi dukani nazidi kuamini kwamba zawadi ya maana kwenye duka la biashara ya haki (fair trade, yaani linalojitahidi kumlipa mtengenezaji inavyostahili) ni ile itakayoshikwa kila siku. Aliyeitengeneza anaishi kwa oda, akimaliza hii anasubiri ile, na oda inayofuata inakuja pale kitu kinapotumika mpaka watu wakiona wanauliza umekitoa wapi, au pale kinapochakaa mwenyewe akataka kingine. Kwa hiyo nalinganisha vitu kwa kipimo hicho, je kitashikwa? Kuna sehemu moja kipimo chenyewe kinashindwa, nitaisema nikifika kwenye vinyago.

Kikapu au kitambaa

Hivi viwili ndo vinanipa shida zaidi maana vyote vinatumika sana na vyote vinapendeza, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Tuanze na vikapu, maana watu wanasema "kikapu" kama ni kitu kimoja. Kwenye maduka haya utakutana sana na vya Bolgatanga, kaskazini mwa Ghana, vile vya duara vyenye mpini uliofungwa ngozi. Vinasukwa kwa nyasi, kila unyasi unachanwa vipande viwili halafu unasokotwa upya ndo unaingia kwenye kazi, na kikapu kikubwa kinakula siku mbili tatu za mtu mmoja. Ni vigumu, vinasimama vyenyewe, vinabeba mzigo wa sokoni bila kulalamika. Ubaya wake vinasafirishwa vikiwa vimebanwa bapa, ukikikuta dukani kimepinda usikikatae, ukifika nyumbani kilowanishe maji, kikilainika kirudishe umbo kwa mikono, kiache kikauke kivulini, basi kinakuwa kama kilivyotoka kwa msusi. Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja na kila mara nafurahi kuona kinavyonyooka.

Kiondo cha Kenya ni habari nyingine. Kile kinasukwa kwa kamba za mkonge, ni laini zaidi, kinakunjika, kinakaa begani kama begi, kwa hiyo ukitaka kumpa mtu anayetembea na vitu vyake siku nzima (daftari, chaja, mtandio, funguo) mi ningesema kiondo kuliko Bolga. Angalia tu pale mkanda wa ngozi unapoungana na mwili wa kiondo, vuta kidogo kwa nguvu, maana kinachoharibika kwanza sio mkonge, ni ule mshono wa mkanda.

Halafu kuna vile vya Rwanda vyenye mfuniko uliochongoka kama paa la msonge, vinaitwa agaseke, kimewekwa mpaka kwenye nembo ya nchi yao. Kile hakibebi mzigo. Ni cha kuweka vitu vidogo vya thamani, hereni, pete, barua, na ule usukaji ni mwembamba mno, nyuzi zinazungushwa moja moja juu ya nyasi mpaka unajiuliza macho ya huyu mtu yapo salama kweli. Ukimpa mtu mwambie kabisa ni cha kuwekea nini, la sivyo kitaishia pambo tu.

Kwa vikapu vyote vitatu kuna jaribio moja la lazima, la rangi. Chukua kitambaa cheupe au tishu, lowanisha kidogo, sugua sehemu yenye rangi nyekundu au bluu iliyokolea, sekunde kumi zinatosha. Rangi kidogo ikitoka ni kawaida kwa kazi mpya, ila tishu ikigeuka rangi kabisa hicho kitachafua nguo ya mtu siku ya kwanza ya mvua. Muombe muuzaji ruhusa kwanza, duka zuri halikatai.

Sasa kitambaa. Hapa pia kuna aina, na kwa bahati nzuri kitambaa kinajieleza chenyewe ukikigeuza upande wa pili, ni kama vikapu tu, ukweli upo upande ambao hauonyeshwi. Batiki ya kweli rangi imepenya, mbele na nyuma vinakaribia kulingana, kwa sababu kitambaa kizima kilizamishwa kwenye rangi na nta ndo ilizuia zile sehemu nyeupe. Ukigeuza ukakuta nyuma kumepauka, kweupe kabisa, hiyo imechapwa na mashine mchoro wa batiki, inaweza kuwa nzuri lakini isiuzwe kwa jina la kazi ya mkono. Cha kuchapwa kwa mhuri wa mbao tafuta pale mhuri mmoja unapokutana na mwingine, lazima utaona mahali mchoro umepishana kidogo, mstari haujakutana sawasawa, au rangi imekolea upande mmoja, na hapo ndo utajua kuna mtu alisimama pale akagonga mhuri mara mia mbili mgongo ukamuuma. Kilichofumwa kwa mkono angalia kingo za pembeni, huwa haziko sawa kama za kiwandani.

Ila kitambaa ninachokipenda mimi kuliko vyote ni kantha, kutoka Bangladesh na upande wa India wa Bengali. Wanachukua sari kuukuu, wanazipanga tabaka juu ya tabaka, wanazishona pamoja kwa mishono midogo midogo ya kupitisha sindano moja kwa moja, safu baada ya safu, mpaka kitambaa chote kinakuwa na mikunjo laini kama maji yaliyopulizwa na upepo. Kwa kuwa sari zenyewe zilishavaliwa, huwezi kukuta mbili zinazofanana, na mara nyingine utaona kiraka kidogo kimewekwa mahali sari ilipotoboka, hicho kiraka usikione kama kasoro tafadhali. Pitisha kiganja juu yake umefumba macho. Mishono ya mashine inakwenda kwa mwendo mmoja, ya mkono inabadilika, kuna mahali imekaza na kuna mahali imelegea, kama mtu alikuwa anashona huku anaongea na jirani.

Kwa hiyo kipi? Kama unamjua mtu vizuri, unajua anatembeaje na anabeba nini, chukua kikapu, hutajuta. Kama humjui vizuri, mfano mkwe, bosi, rafiki wa rafiki, au mtu wa mbali ambaye zawadi itapanda ndege, chukua kitambaa, maana hakivunjiki, hakipindi, kinakunjwa kinaingia kwenye bahasha kubwa, na mwenyewe ataamua kama ni shali, kitambaa cha meza au cha kujifunika kwenye kochi. Kwa swali langu la je kitashikwa, kantha inashinda kidogo. Nimewahi kumpa mama mmoja mtu mzima kantha nikidhani ataitandika kwa wageni, nilivyorudi miezi kadhaa baadaye nikaikuta magotini kwake, imelainika zaidi ya nilivyoinunua. Ila mwambie mtu aifue kwa maji baridi, peke yake mara ya kwanza, isianikwe juani moja kwa moja.

Mti au jiwe

Hapa watu wengi wanachagua kwa macho tu, wanaona tembo wa jiwe anateleza kama kioo, wanachukua. Nami nilifanya hivyo. Nilinunua tembo mdogo wa jiwe la Kisii, nikamfunga kwa karatasi mbili tatu nikamtia kwenye boksi nikamtuma, akafika mkonga umekatika. Kosa lilikuwa langu kwenye kufunga, lakini nilijifunza kwamba jiwe hili ni laini kuliko linavyoonekana. Linachimbwa kwa mkono upande wa Tabaka, magharibi mwa Kenya, linachongwa kwa panga na visu, halafu linasuguliwa msasa ndani ya maji, na kwa kawaida kazi ya kusugua inafanywa na wanawake, mwisho linapakwa nta ndo linang'aa. Ukucha wenyewe ukiukandamiza unaweza kuacha alama. Kwa hiyo jiwe ukichagua, chagua umbo lililokusanyika, bakuli dogo la kuwekea funguo, kishikio cha mshumaa, kisahani cha sabuni, kete za chesi, na ukwepe vitu vyenye mikono mirefu, pembe, mikonga na mikia iliyosimama, hasa kama kinasafiri. Vile vilivyopakwa rangi za kung'aa halafu vikachorwa kwa kuchanwa ni vizuri kwa macho ila usivitumie kwa chakula, na usiviache ndani ya maji usiku kucha.

Mti unavumilia zaidi safari, lakini una mambo yake. Kubwa ni kukauka. Mti uliochongwa ukiwa bado mbichi ndani utapasuka ukifika kwenye nyumba yenye hewa kavu au hita, na ufa unaanzia chini au nyuma, kwa hiyo pindua tena, angalia nyufa nyembamba kama nywele, na harufu pia, mti mbichi unanuka ubichi. Duka linalojua kazi yake litakwambia mti gani, umetoka wapi na ulikaushwaje. Likikujibu tu "ni mti wa Afrika" basi hao hawajui wanachouza.

Mpingo nauzungumzia peke yake kwa sababu ndo unaoghushiwa sana. Mpingo wa kweli ni mzito kupita kiasi, kipande chake kinazama kwenye maji, na moyo wake mweusi umezungukwa na gamba la ndani lenye rangi ya manjano hafifu, wachongaji wengi wanaacha kidogo ya hiyo rangi nyeupe nyeupe kwenye kazi makusudi, inapendeza na inathibitisha. Feki ni mti mwepesi uliopakwa kiwi ya viatu. Sugua kitako na tishu ile ile ya vikapu, kiwi itatoka. Na ujue mpingo unakua taratibu mno, mti wa kuchonga unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko babu yako, ndo maana jamii nzima ya miti hiyo iliingizwa mwaka 2017 kwenye orodha ya kimataifa ya mimea ambayo biashara yake inadhibitiwa. Vitu vidogo vilivyokwisha kutengenezwa kwa kawaida havisumbuliwi, lakini ukitaka kutuma kitu kikubwa nje ya nchi, uliza kwanza, uwe na risiti inayosema ni mti gani.

Kwa matumizi ya kila siku kati ya mti na jiwe mi nachagua mti, na kwenye mti nachagua miiko na bakuli kabla ya wanyama. Mwiko uliochongwa vizuri unaushika asubuhi na jioni, unajifunza hata kona zake na kidole gumba. Uwe haujapakwa vanishi ya kung'aa, uwe umepakwa mafuta tu.

Sasa ile sehemu niliyosema kipimo changu kinashindwa. Kuna kazi za Wamakonde, watu wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, ambazo mchongaji anatoa ukoo mzima kwenye gogo moja, babu chini, juu yake watoto, juu yao wajukuu, wameshikana mabega na migongo mpaka juu kabisa, na hakuna kipande kilichogundishwa. Kitu kile hakitumiki kwa lolote. Hakishikwi. Lakini mtu aliyejifunza patasi kwa miaka hawezi kuishi kwa kuchonga miiko peke yake, na tukiwa sote tunanunua vya kutumika tu basi ule ujuzi utakufa mikononi mwa wazee. Kwa hiyo kama una mtu mmoja maishani mwako ambaye anaweza kukaa mbele ya kinyago dakika kumi bila simu, mpe kinyago, na uombe jina la mchongaji uliandike nyuma ya kadi. Kwa wengine wote, mwiko.

Vito

Hapa nitapita haraka kidogo kwa sababu vito ni suala la mtu anavyopenda, na hakuna ushauri unaoshinda macho ya mwenyewe. Shanga za karatasi kutoka Uganda ni nyepesi, karatasi kuukuu inakatwa vipande virefu vyembamba vya pembetatu, inaviringishwa kwenye sindano na gundi, inapakwa vanishi, zinapendeza mno na zinamfaa mtu asiyependa uzito shingoni, lakini hazipendi maji, mtu wa kuoga navyo au kuogelea navyo asipewe. Tagua ni mbegu ya mti fulani wa jamii ya mnazi wa Amerika Kusini, nyingi zinatoka Ekuado, ikikauka inakuwa ngumu na nyeupe kama pembe ya ndovu na hakuna mnyama aliyekufa, hii naipendekeza kwa moyo wote kwa mtu anayependa vitu vizito vya kuonekana. Shaba ya njano inadumu kuliko vyote ila inabadilika rangi na wengine inawaacha alama ya kijani kwenye ngozi, kwa hiyo kama humjui mtu ngozi yake, mpe mkufu wenye uzi badala ya bangili.

Kitu cha kuangalia ni kimoja, kulabu na kifungio. Shanga zinaweza kuwa kazi ya wiki nzima halafu zikafungwa na kifungio dhaifu, kikikatika basi ndo mwisho, zinawekwa kwenye droo zikisubiri fundi ambaye hatafutwi. Fungua na ufunge mara tano hapo hapo dukani.

Vya chuma vya Haiti navyo nivitaje, vinatoka Croix-des-Bouquets, wanachukua mapipa ya mafuta yaliyokwisha, wanayachoma ndani kuondoa mabaki, wanayapasua na kuyanyoosha kuwa bati, kisha wanachora na kukata kwa patasi na nyundo, ndege, miti, jua, nguva. Ni pambo la ukutani, ndiyo, lakini halivunjiki na linakaa hata nje barazani. Kwa mtu aliyehamia nyumba mpya ni zawadi nzuri kuliko fremu ya picha.

Duka lipi, na lebo gani

Ulinganisho mwingine ni wa duka lenyewe, na hapa ndo watu wanachanganywa sana. Ile alama ya Fairtrade ya bluu, kijani na nyeusi mnayoiona kwenye kahawa na kakao kimsingi ni ya mazao, mfumo wake ulianzia kwenye kahawa Uholanzi mwaka 1988, na wanapima zao na bei yake. Kikapu kwa kawaida hutakikuta nayo, kwa hiyo usidhani duka linakudanganya kwa sababu kikapu hakina alama hiyo. Kwa kazi za mikono chombo kikubwa ni WFTO, shirika la dunia la biashara ya haki lililoanza mwaka 1989, hao hawapimi kikapu, wanapima taasisi nzima iliyokitengeneza na inayokiuza, kwa kanuni 10, malipo, mazingira ya kazi, watoto, usawa wa wanawake na wanaume na kadhalika. Mazulia yana yao, GoodWeave, ilianza mwaka 1994 kwa jina la Rugmark kupinga watoto kufumishwa mazulia, na kila zulia lao lina lebo yenye namba yake. Ukinunua zulia la mkono bila kuuliza habari ya watoto mi naona umekosea.

Lakini nikwambie swali moja linalonisaidia kuliko lebo zote. Muulize muuzaji, aliyetengeneza hiki mlimlipa lini? Sio kiasi gani, lini. Kwenye kanuni za WFTO mnunuzi wa kazi za mikono anatakiwa, msusi akiomba, atoe angalau asilimia 50 ya malipo mapema, bila riba, kabla kazi haijaanza. Ukifikiria utaona kwa nini. Mtu anayesuka vikapu 200 anahitaji nyasi, rangi na ngozi leo, na anahitaji kuishi kwa wiki zote za kusuka, asipopewa kitu mapema atakopa kwa masharti mabaya, na faida yote ya hiyo "bei ya haki" itaishia kwa mkopeshaji. Muuzaji wa duka la kweli anajibu swali hili bila kushtuka, wengine wanafurahi hata kulijibu, wanakutolea na picha za kikundi. Niliwahi kuliuliza kwenye duka moja lililokuwa na mabango makubwa ya "kazi ya mikono" kila ukuta, dada akaniambia "wao wanaleta tu, tukishauza ndo wanalipwa", nikarudisha vile nilivyoshika. Hiyo ni mali kauli, na hatari yote kabebeshwa mwenye mfuko mwepesi kuliko wote.

Mambo haya hayakuanzia kwenye lebo hata hivyo. Mwaka 1946 mama mmoja wa Marekani, Edna Ruth Byler, alitembelea Puerto Rico akakuta wanawake wanadarizi vitambaa vizuri na wanalipwa kidogo sana, akabeba vile vitambaa akaanza kuwauzia marafiki na majirani, mzigo ukikaa nyuma ya gari lake, na kutoka hapo likakua lile shirika linalojulikana leo kama Ten Thousand Villages. Alikuwa anajua nani amedarizi nini. Ndo kiwango ninachokitafuta hata nikinunua kwa simu.

Na kuhusu simu, duka la kuingia na duka la mtandaoni yote yana nafasi. Vikapu, mti na vito mi nanunua kwa kushika, maana majaribio yote niliyosema (kitako, tishu, ufa, kulabu) yanataka mkono. Kitambaa na kadi nanunua mtandaoni bila wasiwasi mradi wameweka picha ya upande wa nyuma, wasipoweka nawaandikia wanitumie, na namna wanavyojibu inanionyesha ni watu wa aina gani. Tahadhari kidogo na zile tovuti kubwa ambazo kila mtu anauza, neno "handmade" pale halina ulinzi, ukiona muuzaji mmoja ana vipande 3,000 vinavyofanana nukta kwa nukta hiyo ni mashine au ni watu wanaosukumwa kama mashine. Kununua moja kwa moja kwa msusi ukimfikia ni bora zaidi ya vyote, pesa yote yake, ila tafadhali ukifika kwake usibishane bei kama unanunua shati la kiwandani, mwambie akutajie bei yake, kama huna, chukua kidogo zaidi.

Nani apewe nini

Mwalimu au mfanyakazi mwenzako, kitambaa cha kuchapwa mhuri au daftari la karatasi ya mkono. Mtu anayehamia, chuma cha Haiti au mwiko na bakuli. Mzazi mtu mzima, kantha, sina mjadala. Kijana anayeanza chuo, kiondo, na sio kile cha rangi za kelele, chukua cha rangi ya mkonge wenyewe chenye mistari miwili, kitaenda na kila nguo na hakitaonyesha uchafu haraka. Mtoto mdogo usimpe jiwe wala shanga, mpe mdoli wa kitambaa uvute macho na vifungo vyake kwanza uone kama vimeshonwa au vimegundishwa, vikiwa vya gundi rudisha. Mtu aliyekusaidia jambo kubwa, kinyago kama ana jicho la kukiona, kikapu kikubwa cha Bolga kama hana.

Kama inavuka mpaka kumbuka nchi nyingine, Australia ni mojawapo, wana ukali sana na vitu vya mimea, nyasi, mbegu na mti vinakaguliwa na vinaweza kuzuiwa, kwa huko mi natuma nguo au chuma tu.

Na kufunga, usinunue karatasi ya kung'aa. Kikapu chenyewe ndo kiwe boksi, weka vitu vidogo ndani, funika na kile kitambaa, funga fundo moja juu, na usikate ile lebo ndogo yenye jina la kikundi, iache inning'inie nje, ili atakayeuliza "umekitoa wapi" ajibiwe hapo hapo.